Boti yangu ya plaiwudi: niivishe faibaglasi, au niache mbao zipumue?

«Shikamoo mtaalamu. Ninaishi Kigamboni, na kwa miezi saba nimekuwa nikiunda boti ya futi 14 nyuma ya nyumba yangu, ya kuvulia mshipi kutoka Mjimwema hadi karibu na kisiwa cha Sinda. Mataruma, yaani mbavu zake, ni ya mninga, mkuku, ule uti wa chini, ni wa mvule, na ngozi yake ni plaiwudi ya milimita 9. Fundi mmoja ananiambia nipake poliesta, yaani rezini ya maji inayoganda ikawa ngumu, pamoja na mati ya nyuzi za kioo kama boti zote za faibaglasi, kwa kuwa rezini ya epoksi ni ghali bure. Mzee mmoja hapa ufukweni anasema faibaglasi huozesha mbao, kwa hiyo nivishe nje tu na ndani niache wazi ili mbao zipumue. Nilinunua kopo dogo la epoksi nikajaribu ndani ya sanduku la omo, kule mbele ya boti. Nilipaka saa 2 asubuhi, likajaa mapovu, na kesho yake lilikuwa linanata na lina weupe kama mafuta yaliyoganda. Je, niongeze hadena, ile ya kuigandisha? Na baba yangu mdogo ana mashua ya zamani inayovuja. Ninaweza kuivisha kwa vifaa vitakavyobaki?»

Marahaba, ndugu yangu. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja. Umetumia miezi saba, umenunua mninga na mvule ambazo siku hizi hazipatikani kirahisi, na sasa watu wawili wenye uzoefu wanakwambia mambo yanayopingana, huku jaribio lako dogo likionekana kuthibitisha kwamba kitu chenyewe hakifai. Unaogopa kwamba hatua ya mwisho ndiyo itakayoharibu kazi yote iliyotangulia. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu nimeona boti zilizoundwa vizuri kabisa zikiharibiwa katika wiki ile ile ya kupakwa. Hata hivyo, yaliyotokea ndani ya sanduku la omo yanaelezeka, na huenda sehemu kubwa ikarekebishika kwa ndoo ya maji safi na dodoki.

Nianze na mzee wa ufukweni, kwa kuwa alichokiona ni kweli. Ameona boti za mbao zilizovishwa faibaglasi ambazo baada ya misimu michache ukizigonga ubavuni zinatoa sauti ya kitu kitupu, na ukilipasua ganda unakuta unga mweusi mahali palipokuwa na ubao. Kosa liko katika sababu anayoitaja. Kuoza ni kazi ya kuvu, na kuvu huhitaji chakula, ambacho ni ubao wenyewe, pamoja na hewa na unyevu. Ubao ambao unyevu wake uko chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu hauliwi na kuvu. Ukipita kiwango hicho kwa kiasi kikubwa na ukabaki huko kwa majuma na miezi, kuvu huanza kula, na joto la Dar es Salaam huwafaa mwaka mzima. Faibaglasi haimo katika hesabu hiyo. Yenyewe ni mlango tu: maji yakiwa nje, yatabaki nje, na yakishaingia, yatabaki ndani.

Maji hayo karibu kila mara huingilia upande ambao watu hawauangalii, yaani ndani ya boti. Mvua ya masika hujaza ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, usiku, barafu ya samaki huyeyuka juu ya sakafu, na ndoo humwagika. Tena maji ya mvua ni mabaya kuliko ya bahari, kwa sababu chumvi huwazuia kuvu kwa kiasi fulani, ilhali maji baridi hayana kizuizi chochote. Sasa fikiria boti iliyovishwa nje na kuachwa wazi ndani. Ubao wake hunywa kutoka juu, unyevu unashuka hadi kwenye ganda, unakuta njia imefungwa, na hapo unakaa. Jua la ndani hukausha uso wa juu tu. Ndiyo maana ushauri wa kuvisha nje na kuacha ndani wazi ninauhesabu kuwa hatari kuliko mengine yote, hata kuliko kuipaka boti rangi ya kawaida tu pande zote mbili.

Neno «kupumua» lina maana yake, lakini lina mahali pake. Katika mashua iliyoundwa kwa mbao nene zilizopigiliwa ubavu kwa ubavu na kutiwa kalafati, yaani pamba inayosindiliwa kati yake, kila ubao hunywa maji na kuvimba, na ni huko kuvimba kunakozibana zile mbao na kuziba nafasi kati yake. Chombo hicho kimeundwa ili kiishi na maji ndani ya mbao zake, na mafundi wa zamani walijua namna ya kukitunza kwa kalafati, mafuta ya sifa (ya papa) na deheni ya shahamu na chokaa. Boti yako ni ya ukoo mwingine. Plaiwudi ina matabaka yaliyopishanishwa, moja likienda urefu na jingine upana, kwa hiyo haivimbi kwa upana kama ubao mzima. Haihitaji maji ili ifunge. Ikikauka na kubaki kavu inakaa ilivyo, na hapo ndipo epoksi inapopata kazi inayoiweza, yaani kuufunga ubao pande zote, ndani, nje, kingo, na kila tundu la skrubu, ili unyevu wake usipandepande wala kushukashuka. Kufunga nusu hakuna faida yake.

Kuhusu fundi anayependekeza poliesta, naye hasemi uongo. Boti nyingi za faibaglasi unazoziona zikivuta nanga pale Feri zimetengenezwa kwa poliesta, na zinafanya kazi yao vizuri. Lakini boti hizo zimemiminwa katika kalibu. Ndani yake poliesta hujishika yenyewe, tabaka juu ya tabaka, na haidaiwi kung'ang'ania kitu kingine. Juu ya ubao hudaiwa kitu hicho hasa, na hicho ndicho kisichokiweza. Poliesta husinyaa inapoganda, jambo ambalo huacha mvutano kati yake na ubao tangu siku ya kwanza. Ubao unapocheza kidogo kwa joto na unyevu, ganda hugoma kucheza nao, na mshikamano huanza kuachia kwenye kona na kingo. Kwa mbao zenye mafuta na utomvu mzito, kama mvule wako wa mkukuni au msaji, hali huwa mbaya zaidi. Boti ya kwanza niliyoivisha mimi mwenyewe, miaka mingi iliyopita, niliivisha kwa poliesta. Baada ya masika ya pili nilishika ukingo wa ganda kwenye mkuku, nikavuta, likatoka kipande kirefu kizima kama ganda la muhogo. Ubao chini yake ulikuwa umelowa. Sijaisahau siku hiyo, na ndiyo iliyonifanya nijifunze upya.

Suala la bei nalo lichunguzwe kwa mizani. Ni kweli kwamba kilo ya epoksi ni ghali kuliko kilo ya poliesta, na tofauti si ndogo. Lakini kilo ngapi? Boti ya futi 14 ina takribani mita 10 za mraba upande wa nje. Mati ya gramu 450 kwa mita hunywa rezini zaidi ya mara mbili ya uzito wake, kwa hiyo matabaka mawili yatakula kama kilo 22 za poliesta, na ganda zima litakuwa na uzito wa kilo 30 hivi. Kitambaa kilichofumwa cha gramu 200 kwa mita, tabaka moja, pamoja na mkono wa kwanza na mikono ya kujazia, kitatumia epoksi kama kilo 7 nje, na ganda zima litakuwa na uzito wa kilo 9. Ndani, ambako huhitaji kitambaa ila mikono mitatu ya epoksi tupu, weka kilo 4 nyingine. Ongeza ya kujazia kona na ile itakayopotea katika vikombe na rola, na ukinunua kilo 13 hadi 15 utakuwa salama. Bado epoksi itagharimu zaidi, sikufichi, lakini pengo ni dogo kuliko lile ulilotajiwa, na utakuwa umeipunguzia injini mzigo wa kilo 20 kila siku ya safari.

Usijaribu kuchanganya njia hizo mbili kwa kutumia epoksi pamoja na mati. Nyuzi za mati hushikanishwa na gundi iliyokusudiwa kuyeyuka katika stairini, ile kemikali inayoipa poliesta harufu yake kali. Epoksi haina stairini, kwa hiyo gundi haiyeyuki vizuri, mati inabaki ngumu, haikunjiki kwenye kona, na inakunywia epoksi yako ya bei bila kukupa nguvu inayolingana. Tafuta kitambaa kilichofumwa, chenye mstari wa wima na wa mlalo kama kanga. Na ikiwa, pamoja na yote niliyosema, utaamua kutumia poliesta, basi lishike hili moja kwa uhai wako: kigandishi chake na kiharakishi cha kobalti visikutane kamwe vikiwa peke yake, kwa sababu vinaweza kulipuka. Kimoja huchanganywa kwanza na rezini hadi kiishe ndani yake, ndipo kingine kifuate. Tone la kigandishi likiingia jichoni linaweza kupofusha.

Sasa tuje kwenye sanduku la omo na swali la hadena, ambalo ndilo ninaloulizwa kuliko yote. Jibu ni hapana, usiongeze. Watu wengi walianza na poliesta, wakajifunza kwamba kigandishi chake hutiwa kidogo kidogo, asilimia 1 au 2, na kwamba siku ya baridi unaongeza na siku ya joto unapunguza. Hiyo ni tabia ya hamira: kijiko kimoja huumua unga wote, na ukizidisha kidogo andazi huumuka haraka zaidi. Epoksi haiko hivyo. Hadena yake ni nusu ya kitu chenyewe, na mfano wake ni ukili. Mwaa wa huku lazima ukutane na mwaa wa kule, na ukiongeza miyaa ya upande mmoja hupati ukili mgumu zaidi, unapata miyaa inayoning'inia bila mwenza. Hadena iliyozidi hubaki ndani ya ganda bila kushikana na chochote, na ganda linakuwa laini, linanata, na linavutia maji. Iliyopungua huleta matokeo kama hayo kwa upande wa rezini.

Kwa hiyo pima kama mfamasia. Soma kwenye kopo kama uwiano ni 2 kwa 1, 3 kwa 1, au vinginevyo, na uangalie kwa makini kama uwiano huo ni wa ujazo au wa uzito, maana rezini na hadena hazina uzito sawa kwa ujazo uleule, na uwiano wa vikombe ukiutumia kwenye mizani utakuwa umekosea. Mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali inatosha. Baada ya kupima, koroga dakika 2 au 3 bila papara, ukikwangua kuta na chini ya kikombe, kwani rezini isiyokorogwa hujificha pale chini na ndiyo utakayoipaka mwishoni, na hapo patanata milele.

Kunata kwako kunaweza kuwa na sababu mbili tofauti, na ni lazima uzitofautishe kabla hujafanya lolote. Ya kwanza ni utando wa nta. Hewa yenye unyevu mwingi inapogusa epoksi ambayo haijaganda, sehemu ya hadena hujibizana na unyevu na hewa ya ukaa, na juu yake hutanda kitu chenye utelezi, mara nyingine cheupe. Chukua maji baridi safi na dodoki gumu, sugua, kisha futa kwa kitambaa safi kabla maji hayajakauka. Ukikuta chini yake pagumu kiasi kwamba ukucha hauingii, basi epoksi yako ni nzima, na kilichokusumbua ni utando tu. Usiusugue kwa msasa kabla ya kuuosha, kwa sababu utauzika ndani ya mikwaruzo, na usiufute kwa thina ukidhani utatoka, kwani thina huusambaza tu. Sababu ya pili ni uwiano uliokosewa. Ukiosha na bado ukucha unazama kama kwenye sabuni, hakuna dawa ya kupaka juu yake. Ni kukwangua yote hadi kwenye ubao na kuanza upya. Najua ni kazi ya kuchosha ndani ya sanduku la omo, lakini kila utakachopaka juu ya tabaka lile kitakuwa kimejengwa juu ya tope.

Mapovu ni jambo jingine kabisa, na sababu yake umeitaja mwenyewe bila kujua: ulipaka saa 2 asubuhi. Ubao umejaa hewa katika vinyweleo vyake. Jua likipanda, ubao hupata joto, hewa hutanuka na kutafuta njia ya kutoka, na njia pekee ni kupita katika epoksi uliyoipaka. Paka wakati ubao unaelekea kupoa, tangu saa 9 alasiri, na hewa ile ile itasinyaa na kuivuta epoksi ndani ya vinyweleo, jambo ambalo ndilo hasa tunalolitaka. Uwe chini ya banda la makuti au turubai lililofungwa juu kwa nafasi, ili umande wa usiku usiiangukie kazi. Ikiwa hadena yako ni ya taratibu, ile inayotengenezwa kwa nchi za joto, na mimi ninakushauri ununue hiyo, basi usianze baada ya saa 10, ili kazi iwe imeanza kushika kabla ya umande. Kuhusu msimu, Juni hadi Septemba ndiyo miezi bora kwetu: mvua ni chache, joto limepungua, na hewa si nzito. Machi hadi Mei ningeiacha boti ipumzike.

Joto letu lina tabia nyingine ya kuheshimiwa. Epoksi hutoa joto inapoganda, na kila nyuzi 10 zinazoongezeka huharakisha kuganda kwa takribani mara mbili. Muda ulioandikwa kwenye kopo mara nyingi umepimwa kwa nyuzi 20 au 25, ilhali banda lako linaweza kuwa na 32. Ukichanganya nusu lita ndani ya kikombe kirefu, joto halipati pa kutokea, na baada ya dakika chache kikombe kitafuka moshi na kuungua mkononi. Changanya gramu 150 hadi 200 tu kwa mara moja, kisha mimina mara moja kwenye sahani pana au moja kwa moja juu ya boti. Kikombe kikianza kupata moto, kiweke nje juu ya mchanga na usijaribu kukiokoa.

Kabla ya kupaka, ubao wenyewe uwe tayari, na hapa ningependa uwe mkali kuliko mahali pengine popote. Kwanza, hakikisha plaiwudi yako ni plaiwudi ya kweli isiyoogopa maji. Madukani mwetu jina la marini bodi hutumiwa mara nyingi kwa mbao zenye ngozi nyeusi au ya kahawia inayong'aa, zilizokusudiwa kumiminia zege. Ngozi ile imewekwa makusudi ili zege lisishike, na epoksi nayo haitaishika. Kama yako ni hiyo, ngozi lazima iondolewe kwa msasa hadi ubao uonekane. Chukua pia kipande kilichobaki, kichemshe saa kadhaa, kikaushe, urudie. Matabaka yakiachana, afadhali ujue sasa. Pili, ubao usiwe umepakwa mafuta yoyote, iwe sifa au oili chafu ya injini ambayo watu wengi huipaka kuzuia mchwa. Tatu, pima unyevu. Huhitaji kifaa cha gharama: pima uzito wa kipande cha mninga kilichobaki, kiweke kwenye oveni kwa nyuzi 103 hivi hadi uzito uache kushuka, kisha gawanya uzito uliopotea kwa uzito mkavu. Kipande cha gramu 230 kikibaki gramu 200, kimepoteza 30, na unyevu ni asilimia 15. Asilimia 12 au chini ni nzuri sana, hadi 15 unaweza kuendelea, na ikipita 18 subiri. Nne, kwa kuwa uko karibu na bahari, osha boti nzima kwa maji baridi na uiache ikauke chini ya paa kwa siku kadhaa, maana chumvi iliyoletwa na upepo wa kusi hukaa juu ya ubao na kuita unyevu.

Kwa upande wa mkuku wa mvule, nisingeamini maneno ya mtu yeyote, yangu yakiwemo, bila kujaribu. Kwangua kipande cha mvule kwa msasa namba 80, kifute kwa asetoni na ukiache kikauke, kisha gandisha juu yake ukanda wa kitambaa kwa epoksi, ukiacha mkia wa sentimita 10 bila kupakwa. Baada ya siku tatu, shika mkia kwa koleo uvute kwa nguvu. Kitambaa kikitoka na nyuzi za ubao, endelea kwa moyo mweupe. Kikitoka kisafi, mshikamano haupo, na utalazimika kukwangua upya na kupaka muda mfupi baada ya kukwangua.

Kazi yenyewe haina mafumbo. Boti igeuzwe mkuku juu. Kona zote kali zichongwe ziwe mviringo wa milimita 6 hadi 10, kwa sababu kitambaa hunyanyuka kwenye kona kali, na kona za ndani zijazwe kwa epoksi iliyochanganywa na unga laini wa mbao hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Paka mkono wa kwanza wa epoksi tupu na uache ubao uushibe, hasa kingo za plaiwudi, ambazo hunywa kama sifongo na zinahitaji mikono miwili au mitatu. Mkono huo ukiwa bado unashika kidole lakini hautoki nacho, laza kitambaa, mimina epoksi katikati na uisogeze kwenda pembeni kwa kipanguo cha mpira. Kitambaa kikilowa vya kutosha kinakuwa angavu na unauona ubao chini yake. Panapong'aa sana pana epoksi iliyozidi, na palipo na weupe pamekosa. Vipande vipishane sentimita 5 kwenye ubavu na 10 kwenye kona ya tumbo na juu ya mkuku, mahali ambapo mchanga wa ufukweni utapasaga kila unapoivuta boti. Kisha mikono miwili au mitatu ya kujazia mfumo wa kitambaa, kila mmoja ukipakwa wakati ule wa chini haujakomaa. Ukichelewa hadi ule wa chini ukaganda kabisa, osha kwa maji, kwangua kwa msasa, ndipo uendelee.

Matundu ya skrubu yametia maji katika boti nyingi kuliko mawe ya baharini. Kila tundu litoboe pana kuliko skrubu, lijaze epoksi, likiganda litoboe tena kwa kipimo sahihi katikati ya ule mjazo. Kwa namna hiyo skrubu hugusa epoksi tu. Fanya hivyo hasa kwenye ubao wa tezi, yaani wa nyuma, unaobeba injini, kwa sababu mtikisiko wake hulegeza kila kitu. Chini ya mkuku funga ubao mwembamba wa mti mgumu unaoweza kubadilishwa, ili kinacholika kwa kuburutwa kiwe hicho.

Ikiwa fedha haitoshi, kuna mahali pa kupunguza na mahali pasipopunguzwa. Unaweza kuvisha kitambaa tumboni tu hadi sentimita 10 juu ya mstari wa maji, pamoja na mikanda kwenye viungo vyote, na sehemu za juu ukazipaka epoksi tupu na rangi. Hilo ni chaguo la heshima na ningelifanya mwenyewe. Ndani na kingo usipunguze. Na kama hata hilo halifikiki mwaka huu, ipake rangi ya mafuta pande zote, iingize kivulini kila baada ya safari, toa maji ya ngama, na itakusubiri.

Usiiache epoksi bila rangi. Mionzi ya jua huivunja polepole, inageuka njano, inapauka na kupasuka nyuzi nyuzi. Osha utando wa mwisho, kwangua kidogo, paka rangi ya boti, na uchague nyeupe au rangi nyingine ya mwanga. Epoksi iliyogandia kwenye joto la kawaida huanza kulegea ikifika nyuzi 50 au 60, na ubavu wa rangi nyeusi kwenye jua la saa 8 mchana unaweza kufika huko. Mkwaruzo wowote unaofika kwenye ubao uzibe mapema, kwani funza wa baharini wanaotoboa mbao huingilia kwenye tundu dogo usiloweza kuliona.

Mwili wako nao ni sehemu ya kazi hii. Epoksi haina harufu kali, na hiyo ndiyo inayowadanganya watu wakaishika kwa mikono mitupu. Ngozi inaweza kuichukia ghafla baada ya kuizoea kwa miezi, na ikishaichukia, chuki hiyo kwa kawaida haiishi. Vaa glavu za nitraili, badilisha zikichafuka, na ikikugusa oga kwa sabuni na maji. Usijifute kwa thina, maana thina huipeleka ndani ya ngozi. Unapopiga msasa vaa barakoa ya vumbi na mikono mirefu. Ukiona upele unaowasha mikononi au kope kuvimba, acha kazi na umwone daktari wa ngozi, ukimweleza wazi ulikuwa unashika nini.

Mashua ya baba yako mdogo usiivishe, tafadhali. Mbao zake zimenyonya maji ya chumvi kwa miaka, haziwezi kukauka ndani ya wiki mbili za turubai, na zikikauka zitasinyaa na kuachana. Ukizivisha zikiwa hivyo, siku zitakapolowa tena zitavimba kwa nguvu ambayo ganda jembamba la kitambaa haliwezi kuizuia. Litapasuka kwenye maungio, maji yatakaa kati ya ganda na ubao, na mataruma yataoza mahali usipopaona. Anachohitaji ni fundi wa mashua wa kumtolea kalafati ya zamani, kuangalia misumari, kubadilisha ubao uliochoka na kukalafati upya. Mtu huyo aone chombo kikiwa pwani wakati wa maji kupwa, kwani uvujaji haupimwi kwa maelezo.

Na wewe pia yapo ambayo barua haitatosha. Ukigonga boti kwa kijiko na ukasikia sauti kavu ikibadilika kuwa butu mahali fulani, ukikuta ubao wa tezi unabonyea, au plaiwudi ikianza kuachana, mwite fundi aliyekwisha kufanya kazi ya epoksi, na kabla ya kumlipa mwombe akuonyeshe boti aliyoivisha miaka mitano iliyopita badala ya ile ya mwezi jana. Kama utabeba abiria au kuitumia kibiashara, nenda TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, kwa ukaguzi na usajili kabla ya safari ya kwanza. Baada ya mkono wa mwisho wa epoksi, iache siku 7 kivulini kabla haijagusa bahari, hata kama kwa mkono inaonekana imeshakuwa ngumu.

Kwa sasa usinunue chochote. Osha sanduku la omo kwa maji na dodoki kesho asubuhi, lijaribu kwa ukucha, kisha niandikie ulichokikuta chini ya utando, pamoja na uwiano ulioandikwa kwenye kopo na namna ulivyoupima.